Madamu wa Mabeseni na Mtihani wa Kuzungumza

Nilipomaliza shule ya jioni kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Kiingereza changu kilikuwa kimejaa hadi nikipiga chafya majirani wanasikia sarufi. Ndivyo nilivyomwambia Madamu aliponiuliza kama ninaweza kumsaidia mazoezi ya mtihani. Hakucheka. Aliniangalia vile anavyoangalia katoni iliyofika ikiwa imebonyea kona, akasema, "Sawa. Tuanze leo."

Madamu ndilo jina alilopewa na Mbarara nzima: wateja, waendesha boda, hata askari wa njia panda. Alitoka China, na alikuwa anasimamia duka la vyombo la mjomba wake. Mimi nilikuwa muuzaji wake. Siku za kazi nashusha katoni na kuuza sufuria, mwisho wa wiki napanda gari kurudi kwa mama yangu kambini. Duka lile lilikuwa na mabeseni mengi kiasi kwamba ungeweza kumimina ziwa letu lote la Nakivale humo, samaki na viboko wake, na bado yakabaki mengine ya kuogeshea watoto.

Alitaka kuwa mkunga. Hamu hiyo ilimpata palepale dukani. Mama mmoja aliyetoka Isingiro kununua vyombo alishikwa na uchungu kati ya mabeseni ya bluu na ya kijani. Watu tulitawanyika. Mimi nilikimbia kuliko wote, lakini nilikimbilia gari, naomba hilo lieleweke. Madamu alibaki. Alikaa kwenye sakafu, akampa yule mama mkono wake, ukabanwa mpaka gari lilipofika. Mtoto alizaliwa salama hospitalini, msichana mwenye sauti ya tarumbeta. Lakini jioni ile Madamu alikaa kwenye kiti chake anageuza ule mkono, anauangalia. "Nilikuwa pale," aliniambia, "na sikuwa na kitu cha kumpa."

Basi akaomba chuo. Chuo kikampa nafasi ya kusomea ukunga kwa sharti moja: apite mtihani wa Kiingereza kabla masomo hayajaanza. Alikuwa ameshaufanya mara moja. Kusoma alipita, kuandika alipita, kusikiliza alipita. Kuzungumza akaanguka. Mjomba wake naye alikuwa ametamka: akianguka tena, aachane na mambo ya ukunga, aende kusimamia duka lao jingine, nchi nyingine kabisa. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kimebebwa na dakika chache za kuongea na mtu mmoja mezani.

Nimeona watu wakisoma. Nimesoma mwenyewe, baada ya kulima kutwa nzima, mikono ina udongo, taa moja na wanafunzi wengi. Lakini sijawahi kuona mtu anayesoma kama Madamu. Tangu utotoni alikuwa ameweka kichwani alama za maandishi ya kwao, maelfu kwa maelfu, kila moja na mikunjo yake kama kitambaa cha sikukuu, na alikiendea Kiingereza kwa ufundi uleule. Kila swali ambalo mtahini angeweza kuuliza alilitafutia jibu zuri, akaliandika kwenye karatasi, akaibandika kwenye chombo. Familia ilikuwa kwenye flasiki. Chakula kwenye sufuria. Safari kwenye ndoo, michezo kwenye masahani. Kabla ya kufungua duka alipita rafu hadi rafu akisoma kwa sauti kubwa, mikono nyuma, kama jenerali anayekagua jeshi la plastiki. Alipomaliza kukariri, ungemuuliza chochote akiwa mbele ya rafu yake, majibu yangemiminika bila kigugumizi.

Kila jibu lilianza na maneno yaleyale: "Hilo ni swali la kuvutia sana." Yalimkaa ulimini mpaka yakaanza kutoka yenyewe. Mteja anauliza, "Beseni hili bei gani?" Madamu: "Hilo ni swali la kuvutia sana." Mteja anaanza kuogopa bei kabla hajaisikia.

Siku moja nikauza flasiki na karatasi yake. Mnunuzi, mama mwenye heshima zake wa kule Kamukuzi, akarudi kesho yake ameshika ile karatasi.

"Mwanangu, ni nani huyu bibi anayependa kupanda waridi?"

"Ni bibi yake Madamu," nikajibu.

"Hapana," Madamu akasema akiwa nyuma ya meza. "Bibi yangu alifuga bata. Maua hakuyapenda. Alisema hayaliwi."

"Sasa waridi za nini?"

"Kitabu kilisema waridi."

Yule mama alicheka mpaka akashika rafu. Mimi pia nilicheka, halafu nikawaza. Siku hiyohiyo nikamtoa Madamu nje, tukakaa barazani na chai, nikamuuliza kwa Kiingereza changu kizito cha cheti: niambie kuhusu chakula unachokipenda. Akafungua mdomo. Macho yake yakaenda ukutani, yakashuka barabarani, yakarudi. Alikuwa anatafuta sufuria.

"Ndivyo ilivyokuwa kule mtihanini," aliniambia baadaye, sauti ndogo. "Chumba kilikuwa na meza moja na ukuta mweupe. Nilitafuta rafu. Hakukuwa na rafu."

Nilimwambia aje kwetu Nakivale Jumapili ale bugali, ndio ugali wa kwetu. Nilisema bugali tu. Sikumwambia kwamba kanisani kwetu mgeni haruhusiwi kukaa kimya.

Sisi ni watu wa Kivu ya Kusini. Tulikuja na vitu vichache, lakini ushuhuda tulikuja nao wote. Mgeni akiingia lazima asimame mbele, awasalimu watu, aseme neno lililompata yeye. Karatasi haikubaliki. Mama yangu, kiongozi wa kwaya ya wamama, ana sababu yake: "Ukisoma, tutajuaje kama ni wewe yalikupata?" Na mtu akikwama katikati, maneno yakamkimbia, hakuna anayeangalia chini kwa aibu. Wamama wanaanzisha pambio, wanaimba kidogo, wananyamaza, wanamngoja. Wimbo unakushikia nafasi, kama jirani anavyokuwekea dumu lako kwenye foleni ya bomba.

Madamu alifika na boda, vumbi mpaka kwenye kope, beseni jipya mkononi kama zawadi. Mama akampokea mlangoni.

"Karibu, binti yangu! Hii fasi ni yako. Ulikula?" Kabla hajajibiwa akanigeukia. "Mbona mwembamba hivi? Huko Mbarara munamulisha nini, plastiki?"

"Mama, anauza plastiki, haili."

"Basi leo atakula majani ya sombe na ndagala mpaka sketi ikatae."

Ibada ilipofika kwa wageni, mchungaji akaita, na Madamu akaniangalia kwa macho ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilisimama naye nimtafsirie.

"Habari zenu," akasema kwa Kiswahili. Kanisa likalipuka. Mabati yaliinuka, nakuapia, yakarudi chini. Halafu akaingia kwenye Kiingereza, na neno la kwanza likatoka lenyewe: "Hilo ni swali la kuvutia sana."

Hakuna aliyekuwa ameuliza kitu. Nikatafsiri: "Anasema amefurahi sana kuwaona."

"Amina!"

Kisha akakwama. Niliona macho yake yakipanda kwenye mabati kutafuta rafu. Shingo yake ikawa nyekundu. Ndipo mama yangu akapiga kofi moja, na wamama wakaitika: "Sema, sema, Bwana anasikia." Mara mbili, polepole, kama watu wanaosukuma kitoto kwenye bembea. Wakanyamaza. Wakamngoja, nyuso wazi kabisa.

Madamu akavuta pumzi. Akaacha waridi, akaacha kitabu, akasimulia habari za yule mama wa Isingiro kati ya mabeseni. Kiingereza kilikuwa na mashimo kama barabara yetu wakati wa mvua, lakini alipita. Alipofika kwenye lile lililomtesa akainua mkono wa kulia. "Sikujua kitu. Nilikuwa na mkono tu. Nilimpa mkono."

Nikatafsiri. Bibi mmoja wa nyuma, aliyezalia njiani wakati wa kukimbia vita, akapaza sauti: "Huo mukono ni mingi, binti! Mukono ni mingi sana!"

"Amesema nini?" Madamu akaninong'oneza.

"Anasema mkono ni kitu kikubwa. Kwamba hukuwa mikono mitupu."

Alikaa, na mama yangu akamwekea kitambaa chake cha kichwani mapajani, ajifute.

Jumatatu nilipofika dukani nilikuta Madamu ameshika kisu kidogo, anabandua karatasi zote. Flasiki, sufuria, ndoo, masahani. Zikabaki alama za gundi, na wateja wakaomba kupunguziwa bei kwa sababu hiyo. Tangu siku hiyo mazoezi yetu yalikuwa popote na kuhusu chochote. Nilimuuliza kuhusu bata wa bibi yake, akaniambia kwamba mmoja alimfukuza mpaka shuleni. Nilimuuliza kuhusu mvua. Nilimuuliza anaona nini akinitazama, akajibu, "Mtu anayeongea kuliko redio," na hakukosea hata neno. Akikwama, naanzisha pambio. Sauti yangu ni ile ya kuwaita mbuzi wakarudi kutoka kambi ya Oruchinga, lakini ilifanya kazi. Waendesha boda wa pale mlangoni walilishika pambio kabla ya wiki kwisha, na Madamu akinyamaza tu wanaingia na besi, wengine wakiwa na abiria tayari mgongoni. Jumapili alirudi Nakivale, na nyingine, na nyingine. Mama akaacha kumuita mgeni.

Mjomba alipiga simu mara kwa mara. Sikuelewa maneno, lakini nilielewa jinsi Madamu alivyosimama wima akisikiliza, mkono umeshika ukingo wa beseni.

Mtihani ulikuwa Kampala. Alipanda basi la alfajiri, mimi nikabaki na duka, na siku hiyo niliuza kama kipofu. Mtu aliomba kikaango, nikampa fagio. Kesho yake akarudi, akaweka begi chini.

"Haya, Madamu! Ukuta ulikuwa mweupe?"

"Mweupe."

"Meza moja?"

"Moja. Na mtahini mwenye miwani. Akanipa kadi: eleza siku uliyomsaidia mtu." Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Kitabu kina jibu lake. Mzee anavuka barabara. Lilikuja lote mdomoni, mzee, barabara, taa nyekundu. Nikasema hapana. Halafu nikakwama."

"Ukafanya nini?"

"Nikaimba."

Nikaangusha mfuniko. "Umemwimbia mtahini?"

"Kidogo. Puani." Akanionyesha, *mm-mm, mm-mm*, mara mbili, polepole. "Yeye akaangalia kalamu yake. Mimi nikangoja. Maneno yakaja. Nikamwambia kuhusu mabeseni, na yule bibi wa nyuma. Nikamwambia, kuna mwanamke alinifundisha kwamba mkono si kitu kidogo."

"Na yeye?"

"Akaacha kuangalia kalamu."

Majibu yalikuja kwenye simu mchana mmoja, duka limejaa. Alisoma, akanipa simu. Nilisoma mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa miguu, kwa sababu nilikuwa tayari niko barabarani napiga kelele. Boda zote zikapiga honi. Nasikia ng'ombe wa Ankole waliinua pembe hadi mpaka wa Tanzania. Madamu alikuwa amesimama mlangoni, mikono yote miwili usoni. Jioni akampigia mjomba. Waliongea sana, na mwishoni akacheka, akaninyooshea kidole. Mjomba alikuwa ameuliza nani sasa atauza mabeseni. Ndivyo nilivyopewa funguo za duka, ninazo mpaka leo.

Jumapili iliyofuata alitoa ushuhuda. Safari hii hakuitwa, alisimama mwenyewe. Alivaa kitenge ambacho mama alimshonea, na aliongea Kiingereza moja kwa moja, macho kwa watu, hakutafuta rafu. Nilikuwa pembeni yake natafsiri kwa mbwembwe zote za shule ya jioni, naongeza chumvi pale palipohitaji na pale pasipohitaji. Akasema masomo yanaanza wiki ile. Akasema mama wa kwanza atakayempokelea mtoto atampa mikono miwili, na safari hii mikono itakuwa inajua kitu. Halafu akanigeukia, akasema, "Na huyu ni kaka yangu. Alinitoa kwenye rafu."

Nikafungua mdomo nitafsiri. Hakukutoka kitu. Mimi, ninayeongea kuliko redio. Maneno machache tu, rahisi, nayo yakafungwa kama duka siku ya Krismasi. Watu wakaniangalia. Mama yangu akainua mkono apige kofi.

Madamu akamtangulia. Akapiga kofi lake, akaanza, kwa lafudhi yake, sauti nyembamba inayopanda na kushuka mahali ambapo sisi hatupandi wala kushuka: "Sema, sema, Bwana anasikia." Wamama wakacheka kwanza, kisha wakamwitikia. Mara mbili, polepole. Wakanyamaza wote, naye akasimama pale pembeni yangu, akaningoja.