Nyumba ya Matofali Njiani Kabambare

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Ajenti, Mbelgiji mwenye mamlaka ya barabara yetu, alinitembeza kwenye kituo cha kulala wasafiri katikati ya Kasongo na Kabambare. Kulikuwa na nyumba ya matofali yenye bati, vitanda, vyandarua na baraza. Nyuma yake kulikuwa na hangari: nguzo, paa la majani, basi.

"Nyumba iko ya Wazungu," akasema. "Watu weusi walale hangari. Ukichanganya, utanijua."

Nilikuwa mlinzi. Nilitandika vitanda ambavyo mara nyingi havikulaliwa na mtu. Wasafiri wetu, waliofyatua matofali yale kwa kazi ya kulazimishwa, walijikunyata nje pamoja na mbuzi wao.

Masika moja upepo uling'oa paa la hangari. Niliomba watu wa kuezeka. Kapita, mnyapara wetu, akajibu kwamba barabara kwanza, Bwana Mkubwa wa wilaya anapita na motokari.

Hangari ilikuwa bado wazi, na mvua ikinyesha, mchana mmoja alipofika Mama Zaina, mwanamke wa kabila la Wabangubangu, akipelekwa na mumewe hospitali ya Kasongo. Uchungu ulikuwa umemshika njiani.

"Baba mulinzi," mumewe akaniambia, "huyu hawezi kuzalia ndani ya matope."

Nikafungua nyumba. Akazaa mtoto wa kike juu ya kitanda cha serikali.

Asubuhi yake Bwana Ajenti akafika. Alikitazama kitanda, lakini hakumtazama mtoto.

"Choma ile matela."

"Bwana, nitaifua."

"Choma. Muzungu hawezi kulala pale tena."

Nikalitoa godoro uani, nikaliwasha. Mama Zaina alikuwa amekaa barazani, mtoto kifuani.

"Mimi nilibeba matofali ya nyumba hii kwa kichwa," akasema taratibu. "Siku ile hawakusema niko muchafu."

Bwana Ajenti alisikia Kiswahili vizuri sana. Akageuka, akaenda kwenye gari lake.

Mimi nilichapwa fimbo mbele ya Kapita, kisha nikahamishiwa Kabambare kufagia ofisi, na huko nikabaki mpaka pensheni.

Sasa ninakaa Kasongo. Vijana huniambia, "Mzee, wakati wa Wabelgiji kulikuwa na nyumba safi njia nzima." Zilikuwa safi, kweli. Lakini kabla ya kuzisifu, waulizeni wazee wenu walilala wapi.