Sanduku Lililouzwa Mara Tatu

Mdogo wangu anapiga masanduku ya bati. Mtaa mzima unamwita Nyundo, na mimi dada yake niliyembeba mgongoni sikumbuki mara ya mwisho niliyomwita kwa jina lake. Karakana yake ni kibanda chenye mlango mmoja na dirisha hakuna. Katikati kuna kipande cha reli anachogongea, na ukuta wote umejaa namba za chaki: urefu, upana, kina. Shule zikikaribia kufunguliwa, ukipita pale huwezi kusikilizana na mtu uliye naye. Watoto wa mji huu wanaokwenda bweni, karibu wote wanaondoka na sanduku alilolipiga yeye.

Na ana roho mbaya na kazi iliyopinda. Ribiti moja, kile kipini cha kuungia bati, ikikaa nje ya mstari, anang'oa upande mzima na kuanza upya. Mteja atasema jamani fundi, mbona liko sawa tu. Atajibiwa kwamba kwake liko sawa, kwa fundi bado. Nimeshuhudia watu wakisonya na kuondoka, halafu kesho yake wanarudi wenyewe.

Ana mtoto mmoja, binti. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka minne. Mtoto alipewa jina la mama yetu mzazi, kwa hiyo baba yake anamwita Mama, na mimi namwita Mama. Mtoto wa miaka kumi na tatu anaitwa Mama na watu wazima wawili wenye mvi, na anaitika kwa uzito wake wote, wakati mwingine anatugombeza kabisa. Amekulia mle kibandani. Tangu akiwa na miaka sita kazi yake ilikuwa kushikilia bati baba yake akipiga, na wakati wa kupiga wanaongea. Wanaongea nini kwenye kelele zile, mimi sijui. Nikiingia nasikia kelele tu, wao wanacheka.

Mwaka jana mwalimu wake alimweleza habari za shule moja ya bweni, mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka hapa. Fomu akaniletea mimi. Nilikaa dirisha la posta miaka thelathini, na karatasi naisoma hadi maandishi madogo ya chini kabisa. Mdogo wangu karatasi anafungia misumari. Tukakaa na Mama mezani kwangu, kalamu ya risasi kwanza, wino baadaye. Kwenye kazi ya mzazi, baba yake alitaka tuandike biashara, eti inasikika vizuri. Mtoto akakataa katakata. Akaandika fundi wa masanduku ya shule, akapiga na mstari chini.

Nyundo akaweka sahihi. Nakumbuka alisema wanaomba watoto mia tatu, watachukua arobaini. Nikadhani anamwandaa binti yake asije akavunjika moyo. Kumbe masikini alikuwa anajipa moyo mwenyewe.

Siku ya usaili tulikaa nje kwenye benchi, mimi na Nyundo. Mtoto alipotoka akatusimulia kwamba waliuliza hesabu, wakamsomesha kitabu kwa sauti, halafu mwalimu mkuu akamuuliza kwa nini anataka kuishi bweni. Akajibu kwamba ameshikilia bati la masanduku ya watoto wengi sana, na anataka kujua yanakwenda wapi. Mwalimu mkuu akacheka hadi akavua miwani. Nikamtazama Nyundo. Alikuwa anafunga kamba za viatu vyake, na zilikuwa zimefungwa tayari.

Barua ilikuja wiki tatu kabla ya kufungua. Nafasi amepata. Karo tulikwishajipanga, hilo halina hadithi. Niliwasomea barua yote kwa sauti palepale kibandani, pamoja na orodha ya vitu: shuka mbili, ndoo yenye jina, viatu vyeusi, na sanduku la bati moja lenye kufuli na funguo mbili, ufunguo mmoja wa mtoto, mmoja wa matroni. Tulipofika hapo tukacheka wote. Angalau hilo, nilisema, ni kama tunalo. Chini kabisa waliandika kwamba mtoto aripoti Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi akiwa na vitu vyote, na asiyetimiza, nafasi yake anapewa anayefuata kwenye orodha. Sentensi hiyo niliisoma mara mbili, maana nawafahamu watu wangu.

Tukaanza maandalizi. Nilimfundisha kutandika kitanda shuka ikae bila mkunjo, kuoga kwa nusu ndoo, kushona kifungo, kuandika jina lake kwenye kila kitu hadi soksi. Alikuwa ananicheka, eti Shangazi unanipeleka jeshini. Nilimwambia atakuja kunishukuru.

Wiki ya kwanza sanduku likawa tayari. La bluu, pembe zimenyooka, zuri kuliko yote niliyowahi kuona mle. Keshokutwa yake nikapita, halipo. Amekuja mzazi mmoja, Nyundo akanieleza, mtoto wake anaondoka leo, ningefanyaje. La Mama nitapiga lingine. Sawa, nikasema, ndiyo kazi.

Akapiga la pili, la kijani. Nalo likaondoka, safari hii na mwalimu fulani aliyekuwa na haraka. Hapo nikanuna, lakini nikanyamaza.

La tatu ndilo lililonichemsha. Nilikutana na mtu barabarani, wala simfahamu, ananisalimia kwa furaha. Akanisifia mdogo wangu, mtu wa watu kwelikweli. Amepita pale kuulizia bei tu, hana hata mpango wa kununua, mwanawe bado darasa la tano, lakini fundi amembembeleza achukue sanduku lililokuwa tayari, amemwachia kwa bei ya bati lenyewe. Nilisimama palepale na kikapu changu. Ilikuwa Ijumaa. Zimebaki siku tatu, na mtoto wa fundi masanduku hana sanduku. Nikanunue dukani? Yaani sisi, tukanunue sanduku dukani? Hata hivyo nilizunguka kuulizia, na mji mzima yalikuwa yamekwisha. Wenye maduka wenyewe walinielekeza kwa Nyundo.

Niliingia kibandani kama askari kanzu. Mtoto alikuwa kwangu anapiga pasi, kwa hiyo nilisema bila kupunguza. Nilimwambia najua anachofanya, na aache kunipiga chenga mimi niliyemfundisha kutembea. Kama hataki mtoto aende aseme kwa mdomo, siyo kumnyang'anya nafasi kwa mikono.

Hakubisha, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, maana Nyundo hubishia hata saa ni ngapi. Aliweka koleo chini, akakaa juu ya reli yake.

"Dada, haya masanduku yananirudia kila likizo," alisema. "Yanarudi yamebonyea, nayanyoosha. Watoto nao nawaona. Wanakuja na baba zao, wanasimama pale mlangoni, hawana la kuongea. Wamekuwa wageni. Mimi nina mtu mmoja wa kuongea naye."

Hasira zangu zote ziliniishia. Nilikaa kwenye rundo la vipande nikamwonea huruma mdogo wangu, na nikamwonea huruma yule mtoto zaidi. Nilimwambia kwamba kama Jumatatu itapita, Mama ataendelea kushikilia bati pale kila siku, lakini kuongea ataacha. Alisema kesho atapiga lingine, na sikumwamini.

Sikujua kwamba mtoto amenifuata na kikoti changu nilichosahau. Alikuwa mlangoni. Alinipa kikoti, akamsalimia baba yake, akarudi nyumbani.

Jumamosi asubuhi Nyundo aliondoka na mkokoteni kupeleka kazi za watu. Mtoto akaja kuniamsha nilipokuwa nimejinyoosha kidogo. Akaniambia, "Shangazi, njoo unishikilie bati."

Basi nikaenda, na miguu yangu hii, nikachuchumaa kwenye sakafu ya karakana nikashika bati. Lilikuwa limebaki moja zima na vipande vya rangi rangi. Alichukua vipimo kutoka ukutani, vile vya sanduku la bluu, vilikuwa bado havijafutika. Alikata kwa mkasi mkubwa kwa mikono miwili, ulimi nje. Nikamuuliza kama anajua kupiga. Akasema ameona mara elfu.

Ni kweli ameona, lakini mkono wake ulikuwa wa kushikilia. Aliyeshika bati haoni kila kitu, anaona upande wake. Alijipiga kidole mara mbili na hakulia. Ribiti zilikwenda zigizaga. Kifuniko kikawa chekundu, ubavu mmoja wa njano, kwingine bati tupu. Na kosa kubwa: aliigongelea pete ya kufuli kabla ya kukunja ukingo wa kifuniko. Alipokuja kukunja, kifuniko kikavutwa, kikawa kifupi kwa upana wa kidole. Pete haikufika kwenye tundu lake. Tulihangaika nalo mpaka nikaweka goti langu kwenye pembe ya kushoto nikakandamiza, ndipo likafunga. Mtoto akalijaribu kwa goti lake. Likafunga. Akatia kufuli.

Nyundo alirudi mchana akatukuta tumekaa chini, wachafu, katikati yetu lile dude. Alilizunguka. Alipitisha kidole kwenye mstari wa ribiti. Alipiga goti, akavuta patasi na nyundo. Mkono ulikuwa umeshakwenda kwenye ribiti ya kwanza.

Mtoto akaweka kiganja chake juu ya ile ribiti.

"Usiliguse, Baba," alisema. "Ukilinyoosha litanunuliwa."

Alisema hivyo taratibu kabisa, bila hasira. Nyundo alibaki amepiga goti. Halafu akaanza kulia, na mimi nikalia, na Mama ambaye alikuwa amejizuia tangu kidole cha kwanza naye akalia. Tulikaa hivyo mpaka mteja akabisha hodi, nikamfokea arudi Jumanne. Nyundo aliinuka, akaurudisha mkokoteni ukutani, akachukua brashi, akaandika jina la binti yake juu ya kifuniko kwa rangi nyeupe. Mengine hakuyagusa.

Jumatatu tulifika saa mbili na robo. Foleni ya uani ilikuwa ndefu na kila mtoto ana sanduku mbele yake, na nusu ya foleni ilikuwa kazi ya mdogo wangu. Bluu, kijani, nyeusi, yamenyooka kama yamekatwa kwa mashine moja. Katikati yao la Mama. Watoto walikuwa wanalinyooshea vidole. Nilimtazama Nyundo nikajua anaungua, maana wazazi wawili watatu walikwishamtambua, wanamsalimia fundi, fundi, halafu macho yao yanashuka kwenye lile sanduku na wanageukia kwingine.

Matroni alikuwa mama mnene mwenye rundo la funguo kiunoni. Alikagua shuka, ndoo, viatu, akaridhika. Akajaribu kufunga sanduku. Likagoma. Akajaribu tena, akahema, akamwangalia mdogo wangu kwa masikitiko.

"Baba, hapa mmeibiwa," alisema. "Fundi gani kawapigia hili?"

Foleni nzima ikageuka. Nyundo alikuwa na nafasi ya kusema chochote, na jina lake zima la miaka ishirini lilikuwa limepangwa pale uani.

"Fundi ni huyu unayebaki naye," alisema, akamshika binti yake begani. "Ni kazi yake ya kwanza. Weka goti hapo kushoto."

Matroni akaweka goti. Likafunga. Akacheka, akachukua ufunguo wake, akaandika jina la mtoto kwenye daftari. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

Kwenye geti muda wa kuagana ulikuwa mfupi, wanawafukuza wazazi kama kuku. Nilimkumbatia, nikamkumbusha soksi. Baba yake alikuwa anahangaika, namwona kabisa kuna kitu kimemkaa kooni tangu Jumamosi. Mwishowe kikamtoka.

"Mama, ile pete ya kufuli, ulitakiwa kwanza..."

"Usiniambie sasa," mtoto alimkatiza. "Nikirudi tutalifungua wote, uniambie nilikosea wapi. Na maongezi mengine yote uniwekee, usimwambie Shangazi."

Akaburuta sanduku lake, na lilikuwa linapiga kelele uwanja mzima.

Tulipofika mjini Nyundo alipitia kibandani, mimi nyuma yake. Akaniomba ile barua, barua aliyokuwa hajaigusa tangu ilipokuja, akaisogeza mlangoni penye mwanga akaisoma mwenyewe, taratibu, hadi maandishi ya chini na tarehe za muhula. Halafu akafuta vipimo vya sanduku la bluu kwa kiganja, akachukua chaki, akaandika pale tarehe ya kufunga shule.