Shilingi ya Simba Iliyoumwa Ukingo

Niliondoka Kitui shule zikiwa zimefungwa, na sababu ilikuwa mdomo wa Anko Mutiso. Umau, yaani babu yangu, alituachia mkebe wa majani ya chai uliojaa sarafu kuukuu zenye makosa: moja imepigwa chapa mara mbili, nyingine simba wake amesimama kichwa chini. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa shilingi ya zamani ya simba ambayo ukingo wake ulikosa kipande, kama mandazi yaliyoumwa. "Hapa kiwanda kilisinzia," alikuwa akiniambia tukizikagua juani mbele ya mlango, mimi nikipiga kelele kwa kila doa la kutu nikidhani nimegundua kitu.

Baada ya mazishi, Anko aliitazama shilingi mara moja tu, akacheka. "Hii ilikatwa kwa tupa. Mzee alidanganywa maisha yake yote." Susu, nyanya yangu, akafunga mkebe, shilingi ikabaki mkononi mwangu. Hakuufungua tena, na hata kumtaja Umau akaacha. Hapo ndipo nilipoapa kutafuta ukweli. Mtu wa kuniambia alikuwa mmoja: Mama Mbinya wa Kilungu, fundi wa nguo aliyekuwa mweka hazina wa kanisa lao kama Umau alivyokuwa wa kanisa letu. Walikuwa wakikutana kwenye mikutano ya kanisa na kubadilishana sarafu mbovu walizookota kwenye sadaka. Kila waliyochukua waliweka nzima badala yake, kwa hivyo Mungu hakupata hasara.

Jioni kabla ya safari nilifanya usafi. Kwetu hakuna kitu kinachopelekwa ugenini kikiwa kichafu. Hata kuku wa zawadi huoshwa miguu. Nikaisugua shilingi kwa majivu, mchanga na waya wa sufuria. Upande wa simba ukang'aa kama meno ya mtangazaji wa televisheni. Upande wa pili nikashikwa na uvivu, nikauacha.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda lori la ndengu la jirani yetu. Tukapita Mutomo, kisha Ikutha, tukavuka Mto Athi ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Dereva aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia napeleka simba hospitali. Hakuniuliza tena mpaka Kiboko.

Saa saba nilishuka Emali, nikaunganisha magari hadi milima ya Kilungu. Njia ya miguu ilipita katikati ya miparachichi, na baridi yake ilinikumbusha koti la Umau, lile alilovaa hata Januari.

Mama Mbinya nilimkuta barazani akipinda sketi ya shule.

"Shikamoo, Susu."

"Susu wako yuko Kitui. Mimi niite Mama Mbinya. Wewe ndiye Mumbua wa kelele?"

"Umau alisema hivyo?"

"Alisema vibaya zaidi."

Nikamweleza aliyosema Anko Mutiso kuhusu shilingi. "Lete," akasema.

Aliitoa shilingi kwenye leso, akaruka kama ameshika kaa la moto. "Nani ameosha hii?"

"Mimi. Ndio ipendeze."

"Ipendeze! Umeichuna ngozi, mtoto wewe! Kumbukumbu zote ziko kwenye huo weusi. Angalia, ukingo wote wa upande huu umelainika. Sasa nitajuaje?"

Nilikuwa nimesafiri siku nzima na kumbe nimemfuta Umau kwa mkono wangu mwenyewe.

"Geuza," nilisema kwa sauti ndogo. "Huko sikumaliza."

Akageuza. Akavuta lenzi yake, akaizungusha shilingi polepole, kisha akaniita karibu. "Usitazame palipoumwa. Kila mtu hutazama hapo. Tazama ng'ambo yake." Ukingo wa upande huo ulikuwa mkali kote, ila ng'ambo ya lile pengo ulififia ukakaribia kupotea. "Chuma kikikatwa vibaya kabla ya chapa, mashine haiwezi kuubana ukingo wa ng'ambo ya pengo. Tupa haijui kufanya hivyo. Babu yako hakudanganywa." Kisha akacheka. "Na mshukuru Mungu kwa uvivu wako."

Kesho yake alasiri nilifika nyumbani. Anko Mutiso alikuwa akinywa chai. Nikamwonyesha ng'ambo ya pengo. Alitazama mpaka chai ikapoa. "Haya basi," akasema, na kwa Anko hiyo ni hotuba nzima ya kuomba msamaha.

Susu alileta mkebe mwenyewe. "Baba Mutiso alikuwa na macho," akamwambia mwanawe, na ndiyo mara ya kwanza amtaje Umau tangu mazishi, kisha akamwaga sarafu zote mezani. Hii yeye na Umau waliipata Emali siku mvua ilipowafungia stesheni. Ile alipewa wakiwa wachumba, akakasirika kwa kuwa alitaraji kitambaa. Mimi nilifikiri nimejifunza kusoma sarafu. Susu alizijua zote bila lenzi. Nilikaa nikamsikiliza mpaka kuku wakaingia kulala, bila kusema neno, na wanaonijua watakwambia hilo halijawahi kutokea.