Nguzo ya Kupima Upepo Kabambare

Asubuhi ile niliondoka Kasongo kwa sababu nilichoka kuona njia zilezile. Sikuwa na mpango. Kwenye kituo cha pikipiki nilimkuta mama mwenye miwani akibishana na dereva juu ya batri nzito iliyoviringishwa ndani ya blanketi.

"Hii haifungwi nyuma kama muhogo," alisema. "Inataka mutu wa kuipakata mupaka Kabambare."

"Mimi niko," nikasema.

Dereva akacheka. "Huyu ndiye, Mama Profesa. Hana pahali anachelewa."

Ndivyo nilivyomjua Profesa Mwamini, anayefundisha nguvu za upepo chuo kikuu. Tukaondoka kwa pikipiki mbili.

Saa nne tulifika kwenye kijito ambacho daraja lake ni magogo matatu. Madereva wakavusha pikipiki moja moja. Profesa akatoa karatasi za wanafunzi wake na kuzisahihisha amesimama. Mimi niliacha shule mwaka wa nne, lakini kuuliza sijaacha. Akanieleza kwamba juu ya kilima karibu na Kabambare amesimamisha nguzo ndefu ya chuma, ili ajue kama upepo wa pale unatosha kutoa umeme. Juu yake vikombe vitatu huzungushwa na upepo, na kisanduku huandika kasi yake mchana na usiku. Lazima kiandike mwaka mzima bila kukatika, maana upepo wa kiangazi si sawa na wa mvua. Miezi tisa imepita. Batri ya zamani inakaribia kwisha.

"Na kama upepo haitoshi?"

"Nitaandika haitoshi. Leo watu wanasema tu, hakuna amepima."

Mchana, upande wa Lusangi, mtu aliyesukuma baiskeli yenye mzigo wa muhogo alimtambua Profesa, akatusimamisha.

"Mama, ile nguzo ni yako? Wanachimba chini yake."

"Wanachimba nini?"

"Dhahabu! Mutu wa chuo kikuu atasimamisha chuma pale bure?"

Toka hapo Profesa hakutulia. Dereva wake akienda polepole, alimwambia akaze. Akikaza, alimwambia atatuua. Mapaja yangu yalikuwa yamekufa ganzi. Nilijiuliza: nguzo ikiwa imeanguka, hii batri naipeleka wapi?

Saa kumi tuliiona nguzo. Ilisimama, lakini imeinama. Chini kulikuwa na mashimo matatu, na moja lilikaribia kufika kwenye kigingi cha waya unaoishikilia. Baba Ramazani, mwenye shamba, alikaa juu ya udongo pamoja na wachimbaji wanne.

"Karibu, Mama Profesa. Dhahabu yako tumetafuta, imetukataa."

"Baba, nilikuambia ni upepo."

"Ulisema, halafu ukaenda. Mutu akiweka alama na kuondoka, sisi wa hapa tunajua: ameona kitu, atarudi na mashine."

Profesa akafungua kisanduku, akawaonyesha namba. Baba Ramazani akatikisa kichwa. "Hata wale wa dhahabu wako na namba."

"Nguzo ikianguka leo, naanza mwaka upya," alisema. "Unataka nini, Baba?"

"Acha mutu hapa. Akae kwangu, ale kwangu, tumuulize tukitaka. Wakiona hakuna mashine inakuja, watachoka kuchimba."

Profesa alikuwa na mitihani chuoni Jumatatu. Akanitazama, kisha akainamisha uso.

"Ndugu yangu, sijui hata jina lako lote."

"Utanifundisha kusoma hizo namba?" nikauliza.

Baba Ramazani akanionyesha chumba cha pembeni ya nyumba yake: kitanda cha mianzi, mlango unaofungwa kwa kamba. Mke wake akaahidi bugali na sombe, majani ya muhogo ya kutwanga. Mimi nilidhani profesa ni mtu anayejua. Siku ile niliona ni mtu aliyekubali kungoja mwaka mzima ili ajue jambo moja, na kwamba kungoja huko kunategemea uvumilivu wa watu wengine.

Batri ilipokwisha kuunganishwa, Baba Ramazani alinipa jembe.

"Haya, mutu wa upepo. Anza na lile shimo la karibu na waya."

Nikafukia, nikakanyaga. Profesa alisimama ukingoni mwa shimo, ameshika waya kwa mikono miwili.

"Inashika?"

"Inashika, Mama."

Sikuwa na uhakika. Nikakanyaga tena.