Niliunga mkono amri ya kupiga marufuku drafti asubuhi, mgambo wakaja kunikamata barazani kwa shemeji

Wakuu, habari za mchana.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila juzi nimepitia uzi mmoja, kila anayechangia anataka serikali ipige marufuku kitu fulani ambacho mwenzake anakipenda. Nikaona niseme yaliyonipata.

Majina nimebadilisha na kijiji sikitaji. Mengine yote ni kama yalivyotokea, pamoja na yale yanayoniaibisha.

Naishi wilaya ya Pangani, ukiiacha bahari na kupandisha kuelekea Mwera. Nina mashine ya kukoboa na kusaga, nina minazi kiasi. Na wakati huo nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji.

Mdogo wangu wa kike, Mwanahamisi, ameolewa hapo hapo kijijini na bwana mmoja anaitwa Sefu. Sefu ni mkata mkonge.

Kwa msioijua kazi hiyo: mkata mkonge anaingia shambani alfajiri, giza bado lipo, ili awahi kabla jua halijawa kali. Ikifika saa nne asubuhi mwenzio keshamaliza kazi yake ya siku nzima, mikono imechomwa na miiba, mgongo umekufa. Anarudi, anaoga, anakula.

Halafu Sefu anaenda kucheza drafti.

Nilikuwa napita na baiskeli kwenda mashineni, namkuta kibarazani dukani na wenzake, vizibo vya soda vimepangwa ubaoni, wanacheka. Saa nne na nusu hiyo. Ninasalimia, wanaitikia, napita. Lakini moyoni naumia. Huyu ana nguvu, ardhi ipo, ana watoto watatu, kwa nini asilime hata nusu ekari ya mihogo?

Sikuwahi kumwambia uso kwa uso. Hilo nalo lishikeni, kwamba sikuwahi kumwambia.

Siku moja mtendaji wetu wa kijiji akaleta hoja kwenye kikao. Kijana mstaarabu tu, si mtu wa huku, ana maagizo kutoka juu kwamba watu wazalishe. Pendekezo lake: kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri, marufuku drafti, bao, karata na vijiwe vyote. Atakayekamatwa anafyeka nyasi ofisi ya kijiji siku tatu.

Wajumbe wengine walisitasita. Mzungumzaji mkubwa siku ile nilikuwa mimi. Nilisema, nakumbuka maneno yenyewe, "Wapo watu bila kusukumwa hawaendi, na tukiwasukuma watakuja kutushukuru."

Ikapita. Nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa. Niliona nimemsaidia dada yangu bila kugombana na mtu.

Hazikuisha wiki mbili Sefu akakamatwa.

Alikuwa ametoka mkongeni. Mgambo hawakumuuliza ametoka wapi wala ameamka saa ngapi. Wamemkuta na kete mkononi, basi. Akapewa fyekeo.

Ofisi yetu inatazamana na njia ya shule. Watoto walipotoka mchana wakamkuta mkata mkonge mzima anafyeka nyasi huku mgambo kakaa kivulini anamwangalia. Kati ya watoto hao alikuwemo binti yake wa darasa la tano. Nasikia tangu siku ile mtoto akawa anazunguka njia ya nyuma, anapita mashambani, ili asipite pale ofisini na wenzake.

Jioni yake Mwanahamisi akaja kwangu. Hakukaa kwenye kiti nilichomwekea.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekuja kuuliza neno moja tu. Nani alikwambia mie nimechoka na mume wangu?"

Nikaanza kueleza. Mihogo, watoto, maendeleo. Akaniacha nimalize.

"Sefu anaamka saa kumi mie nimelala. Akirudi, hela ya chakula ipo, ada ipo, hanipigi, halewi. Akicheza drafti namjua alipo. Weye umeona nini ambacho mie mke wake sijakiona?"

"Nilitaka kumsaidia, Mwanahamisi."

"Ungemwambia basi! Ana masikio. Weye umemwita mgambo."

Akaondoka. Wakuu, nimegombana na watu wengi katika maisha yangu, ila maneno yale yalinikaa vibaya.

Nikaanza kuangalia kwa macho mengine. Neno "vijiwe" kwenye ile amri lilikuwa pana mno. Kinamama waliokuwa wakisukana nywele uani saa tano wakatawanywa. Muuza kahawa akahamia barabara kuu. Mlinzi wa shule, ambaye zamu yake ni usiku, akakamatwa akiwa amekaa nje kwake anapunga upepo, akaambiwa aeleze kwa nini hayupo kazini. Mgambo ndio waliokuwa wanaamua nani anapumzika na nani anazurura. Asiyeelewana nao alikuwa mzururaji kila siku.

Na hapa nitoke nje kidogo ya mada. Mgambo wenyewe asubuhi hizo hawakuwa wanalima. Walikuwa wanazunguka kutafuta wasiolima. Sijui kama mmeielewa logic hiyo, mimi ilinichukua muda.

Baada ya kama mwezi hivi nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Sefu kuomba radhi. Nilienda saa nne makusudi, najua ndio katoka kazini. Nikamkuta barazani kwake, yuko peke yake, ubao wa drafti pembeni. Dukani hakuwa anakwenda tena.

Nikamwambia yote. Kwamba ile hoja niliisukuma mimi, na niliisukuma kwa ajili yake.

Alisogeza kete moja ubaoni. Kisha akasema, "Najua, shemeji. Siku ile ile nilijua. Kijiji hiki kidogo."

"Nisamehe."

"Nimesikia. Sasa kaa tucheze, maana huyu ninayecheza naye," akajionyesha mwenyewe, "nimemchoka."

Nikakaa. Mimi drafti siijui sana, akanifunga mara mbili upesi upesi. Mchezo wa tatu tulikuwa katikati, mgambo wawili wakaingia uani. Hawakupiga hodi. Wamesikia kete zinagonga, wakaingia.

Nikawaambia hii ni nyumba ya mtu. Mmoja akajibu kwa adabu tu, "Mzee, amri haikusema nyumba ya mtu ni salama. Amri imesema drafti."

Alikuwa anasema kweli. Ndivyo tulivyoiandika.

Kufika ofisini, mtendaji akashtuka. "Mjumbe! Shikamoo mzee wangu. Hata wewe?"

Akatuomba radhi, au niseme akaniomba mimi. Akawaambia mgambo waniache niende, nimekosewa. Sefu abaki, na kwa kuwa ni mara ya pili, afyeke siku tano.

Nikamuuliza, "Tulikuwa tunacheza ubao mmoja, mimi nimekosewaje?"

"Mzee, wewe ni kiongozi. Unaelewa ninachomaanisha."

Nilielewa. Nikatazama pale mlangoni, Sefu keshaokota fyekeo bila kuambiwa, ameshazoea. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba mtu mzima ameshazoea.

Nikaomba fyekeo la pili.

Mtendaji akanisihi sana. Nikakataa. Tukafyeka siku tano, mimi na shemeji yangu, na siku ya kwanza viganja vyangu vilitoka malengelenge yeye akanicheka. Watoto wa shule walipita, wakatuangalia. Siku ya tatu binti yake akapita njia ya mbele. Alisimama akasema, "Shikamoo mjomba, shikamoo baba," akaendelea zake.

Mkutano mkuu wa kijiji ulipofika niliomba nafasi. Nikasema nilikosea, nikaeleza namna nilivyokosea, nikakaa. Sikuwa na hotuba.

Kazi aliifanya Mwanahamisi. Alisimama nyuma kule walikokaa kinamama, akauliza swali moja: hii sheria ndogo wananchi tulisomewa lini, na halmashauri ya wilaya iliipitisha lini?

Mtendaji akafungua faili, akafunga. Haikuwa imesomwa mkutanoni wala haikuwa imefika wilayani. Watu walikuwa wanafyeka nyasi kwa karatasi ya kikao chetu sisi wachache.

Haikupigwa kura wala nini. Mwenyekiti akasema suala limerudishwa kufanyiwa kazi, na mpaka leo linafanyiwa kazi. Muuza kahawa karudi. Ujumbe wangu ulipoisha sikugombea tena.

Msije mkadhani Sefu aliacha drafti akawa mkulima bora. Anacheza kama kawaida. Safari hii nimemwambia mwenyewe, mdomo kwa sikio, kwamba mimi ningekuwa yeye ningelima. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Asante shemeji, sitaki." Tukaendelea kunywa chai.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi si mtu wa kuichukia serikali. Ilete maji, itengeneze barabara, imkamate mwizi na anayepiga mkewe. Lakini mtu mzima asiyemdhuru mwingine, asubuhi yake ni yake. Akiitumia vibaya, hasara ni yake, na wewe unayempenda una mdomo wa kumshauri. Ukiona unatafuta amri badala ya maneno, jiulize kama kweli unampenda au umechoka tu kumwona alivyo.

Na ukiipa ofisi ruhusa ya kumpangia jirani yako maisha, hiyo ruhusa haina jina la jirani juu yake.

Wale mnaoamini Mswahili bila kusukumwa haendi, na nyie karibuni, nilikuwa upande huo na nawaelewa. Kwenu huko kuna amri gani za namna hii, na nani aliyezipitisha? Na kama ni wewe uliyezipitisha, sema tu, hapa hatuchekani.