Kitanda cha Mama na Mstari wa Pili

Hesabu niliyoipenda kuliko zote shuleni Tabora ilikuwa ya mistari miwili inayokatana kwa pembe mraba. Chukua mteremko wa mstari wa kwanza, mwalimu alisema, upindue, kisha ubadilishe alama. Tatu inakuwa hasi theluthi moja. Basi. Nilipanda treni ya kurudi Mpanda likizo nikiwashwa na hamu ya kumwonyesha mtu yeyote.

Nikamkuta mama kitandani. Nilikuwa nimeambiwa ana homa tu, lakini mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza, na baba alikuwa akirudi kutoka mgodini hatazami mtu usoni. Niliogopa, nikajitia sioni.

"Mwanangu," mama akasema siku ya pili, "nyie wasomi mnaweza kunigeuzia kitanda, nikilalia ubavu wa kulia nielekee kibla?"

Swali tamu! Nyumba yetu ya mtaa wa Majengo ilijengwa kufuata barabara iendayo mashariki, kwa hiyo mkeka wake wa kusalia ulikaa mshazari chumbani, kama alivyoelekezwa na watu wa msikitini. Nikaufanya ukuta wa barabarani kuwa mhimili wa x, ukuta wa dirisha mhimili wa y, nikapima kwa shubiri. Mkeka ulikwenda moja mashariki, tatu kaskazini: y = 3x. Kitanda kilitakiwa kiukate kwa pembe mraba, na upande wa miguu uguse ukuta wa dirisha, shubiri kumi na mbili kutoka kona. Nikaandika sakafuni kwa mkaa: y = ⅓x + 12. Nikakisukuma.

Mama akalala, akautazama mkeka, akacheka. Sikumsikia akicheka tena baada ya hapo.

"Kibla gani hiyo? Unanielekeza ziwani kwa wavuvi."

Nilikuwa nimesahau alama. Nikafuta, nikaandika y = −⅓x + 12. Kikakaa sawasawa, kichwa mashariki, katikati ya chumba, bila kufuata ukuta wowote. Kila aliyekuja kumjulia hali aligonga goti kwenye kona ya kitanda. Shangazi akataka kukirudisha ukutani.

"Kiacheni hivyo hivyo," mama akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe usiisahau hiyo hesabu."

Nikajibu kwa majivuno kwamba siwezi kuisahau. Nilidhani ananisifu.

Alifariki kabla likizo haijaisha, mvua zikiwa zimekolea. Makaburini jua halikuonekana hata kidogo, majani yalikuwa yamefunika makaburi ya zamani, na wachimbaji wakabishana kibla iko wapi, kila mmoja akinyoosha mkono upande wake. Mjomba akaniita mbele ya watu.

"Wewe ndiye uliyemwekea kitanda. Tuonyeshe."

Barabara iliyopita mlangoni kwetu ilinyooka mpaka pale. Nikaenda sambamba nayo hatua tatu kuelekea mashariki, nikageuka hatua moja kusini, kuelekea barabarani. Wakavuta kamba kutoka nilipoanzia hadi nilipoishia.

"Una hakika?" mjomba akauliza.

"Mama amekwisha kuulalia mstari huu."

Majembe yakaanza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuwa akiniuliza habari za kitanda. Nilimchorea kaburi lake huku nikitabasamu, naye akanisahihishia alama.