Nyumba Iliyo Edani

Juzi, pale Mitwero, dalali alipiga hodi kwa dada yangu, ambaye mumewe tulimzika mwezi uliopita. Nilikuwa barazani.

"Shikamoo mzee. Kuna bosi ameipenda nyumba hii. Mama ataje bei tu."

Dada akajibu kutoka nyuma ya pazia. "Mwanangu, niko edani. Posa siruhusiwi kuisikia, na nyumba hii ni mjane mwenzangu."

Dalali akavua kofia. "Eda ikiisha je, mama?"

"Ulete washenga. Na huyo bosi aje, tumwone anavyoswali."

Akaondoka polepole, kama aliyenyimwa mchumba.

Nami nina shamba la mikorosho aliloniachia marehemu mke wangu, na dalali yule ameshalitupia jicho. Mwanamume hakai eda, lakini shamba, inshallah, litakaa.